Huduma ya Dawa za Minyoo Shuleni, Jinja: Dawa Nzuri, Maandalizi Nusu

Zoezi la kuwapa watoto dawa za minyoo, ambalo nchini Uganda hufanyika kila Aprili na Oktoba kwa watoto wenye umri wa mwaka 1 hadi 14, ni miongoni mwa huduma chache za serikali zinazomfikia mtoto pale alipo bila mzazi kutoa hata shilingi. Nililifuatilia katika shule ya msingi anayosoma binti yangu hapa Jinja, na kwa upande wa dawa yenyewe sina la kulaumu. Kila mtoto alipewa kidonge kimoja cha albendazoli cha miligramu 400, akakitafuna mbele ya mwalimu, akafungua mdomo ukaguliwe, ndipo jina lake likawekewa alama kwenye daftari la mahudhurio.

Kidonge hicho huiondoa vizuri minyoo ya askarisi, ile mirefu ya mviringo ya tumboni, na hupunguza sana ile ya safura, ambayo hung'ata ukuta wa utumbo na kufyonza damu hadi mtoto akaishiwa nguvu darasani. Minyoo mjeledi ni wakaidi zaidi; dozi moja mara nyingi haiwamalizi, jambo ambalo wazazi wangestahili kuelezwa.

Kwa kuwa tunaishi kando ya Ziwa Viktoria, watoto walipewa pia prazikwanteli ya kichocho. Dozi yake hupimwa kwa urefu: mtoto husimama kando ya ufito wenye alama za urefu, na mwenye sentimita 130, kwa mfano, hupata vidonge viwili vya miligramu 600. Ni vidonge vikubwa na vichungu, na hutakiwa kumezwa baada ya chakula ili kupunguza kichefuchefu. Siku hiyo uji ulichelewa, dawa ikatangulia, na haikupita saa moja watoto kadhaa walikuwa wakitapika nyuma ya madarasa. Wazazi hatukuwa tumearifiwa, kwa hiyo hata waliokuwa na uwezo wa kuwalisha watoto nyumbani hawakufanya hivyo. Kosa dogo la ratiba kama hili ndilo linalozaa uvumi kwamba dawa ina sumu, na awamu inayofuata watoto hufichwa nyumbani.

Kuhusu ukuaji, wapo waliotarajia mtoto arefuke kabla muhula haujaisha. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa albendazoli waliongezeka uzito zaidi kidogo kuliko wenzao. Hata hivyo, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yaliyokusanya tafiti nyingi hayakuona tofauti kubwa ya wastani pale ambapo watoto wote hupewa dawa bila kupimwa. Anayenufaika zaidi ni yule mwenye minyoo mingi, na naye akikosa maharage, mukene (dagaa wa ziwani) na mboga kwenye sahani yake, kidonge hakitamnenepesha.

Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba siku ya dawa bomba la kunawia mikono lilikuwa kavu, na vyoo viwili vilikuwa vimefurika. Mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo mtoto aliyesafishwa tumbo leo huweza kuambukizwa tena baada ya wiki chache.

Ambaye mtoto wake hakuwepo siku hiyo aende kituo cha afya cha serikali kilicho karibu aulizie dozi, na amlishe kwanza.