Fundi wa waya za gari wa Kirinyaga Road, Nairobi, huyu anajua kazi

Kama Toyota 110 yako inapiga alamu usiku na asubuhi betri imekufa, usikimbilie betri mpya. Huyu jamaa alichomoa waya wa negativu wa betri akaweka mita ya umeme hapo katikati, gari imezimwa na bado inakula 0.3 ampea wakati inafaa kuwa chini ya 0.05, akaanza kung'oa fyuzi moja moja mpaka ile ya alamu ikashusha namba. Kumbe ni swichi ya boneti, imeshika kutu, alamu inadhani boneti iko wazi. Akaweka ingine, akakwangua pia athi, pale waya unashika bodi ya gari. Bei mnabishana kidogo tu, lakini pa kupaki ni balaa, matatu zinakupigia honi mkiwa bado mmeinamia injini.