Kikoba au SACCOS: ada ya shule na gharama za hospitali

Mtoto akiugua ghafla, kikoba, yaani kikundi kidogo cha kuweka na kukopa, hushinda. Mfuko wa jamii, unaochangwa kando ya hisa, hutoa msaada bila mdhamini. Wakipatikana wanachama wenye funguo, sanduku la fedha la kikundi linafunguliwa. SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, itataka fomu, wadhamini na kikao cha kamati ya mikopo.

Kwa ada, hesabu inageuka. Kikoba kikitoza asilimia 10 kwa mwezi, mkopo wa shilingi 300,000 una riba ya 30,000 kila mwezi. SACCOS ikitoza asilimia 1.5 ya salio, mwezi wa kwanza ni 4,500, kisha inapungua. Tafadhali usikope kikoba ada utakayoirejesha kwa mwaka mzima. Ila kikivunjwa Desemba, yaani wanachama wakigawana akiba, mgao wako unawahi ada ya Januari, na pengine hutahitaji mkopo kabisa.

SACCOS inatakiwa kuwa na leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania; iombe uione. Hatari yake ni udhamini: uliyemdhamini akishindwa kulipa, akiba yako uliyomwekea mwanao ndiyo inayokatwa.

Mwenye mshahara na mtoto wa bweni, SACCOS inamfaa. Mama lishe anayeshika hela kila siku atamudu hisa za kila wiki kuliko makato ya mwisho wa mwezi.