Kamusi mbili za maji: ya Kisanskriti na ya Kipali

Watu wanaoanza kusoma lugha za kale za India huniuliza washike kamusi ipi kwanza, ile kubwa ya Kisanskriti au ile ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha. Huwaambia wafungue neno la maji katika zote mbili, wasome taratibu, kisha waamue wenyewe. Hapo ndipo tabia ya kila kamusi inapojitokeza.

Ya Kisanskriti ni ya Monier Monier-Williams, toleo la 1899, ambayo leo inasomwa bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani. Tafuta jala, maji, na ukoo mzima utakuja mbele yako. Jalada, mtoa maji, ni wingu (halina undugu na jalada la kitabu). Jaladhi, mahali maji yanapowekwa, ni bahari. Jalaja, kilichozaliwa majini, ni yungiyungi, na pia ni samaki, na pia ni kombe la baharini. Ukishazoea vile viambishi vya mwisho, unabadilisha tu neno la mwanzo kwa jina jingine la maji na maana inabaki pale pale: vārida, toyada, ambuda na payoda yote ni wingu.

Mwanafunzi hulalamika kwamba huo ni wingi usio na kazi. Kazi ipo. Mshairi wa Kisanskriti hupima silabi nyepesi na nzito. Jalada ina nyepesi tatu, vārida inaanza na nzito, payoda ina nzito katikati. Wingu ni lile lile, ila kila jina lina nafasi yake katika mstari. Na payas ni maji na ni maziwa pia, ndiyo maana payodhara, chenye kubeba payas, ni wingu na ni titi la mwanamke. Sisi ambao lugha yetu inaita ziwa lile la maji na lile la mama tunalipokea bila kushangaa.

Onyo moja kwa anayetumia kamusi hii: iangalie herufi L. baada ya maana. Inakuambia kwamba maana hiyo imetajwa na watunga kamusi wa kale, lakini haikupatikana katika matini yenyewe. Wengi huipita, halafu wanatafsiri shairi kwa maana ambayo huenda hakuna mshairi aliyewahi kuitumia.

Sasa ya Kipali. Ni kazi ya T. W. Rhys Davids na William Stede, iliyotolewa na Pali Text Society, chama kinachochapisha matini za Kipali, kwa sehemu kati ya 1921 na 1925. Rhys Davids alifariki 1922, Stede akaimalizia. Ni ndogo kuliko ile nyingine, na maelezo yake ya asili ya maneno yamepitwa na wakati. Hata hivyo kwa upande wa maji naipenda zaidi, tena sana.

Fungua udaka. Mawingu na bahari za washairi huzioni sana hapa. Unakuta udakapuñchanī, taulo. Udakaniddhamana, mfereji wa kutolea maji. Udakasāṭikā, nguo ya kuogea ya watawa wa kike. Haya ni maneno ya watu wanaoishi pamoja na wanaopaswa kukubaliana nani anateka maji na yanamwagwa wapi, kwa sababu mengi yanatoka katika Vinaya, kanuni za watawa wa Kibudha. Halafu, katikati ya taulo na ndoo, unakutana na udakalekhā, maandishi juu ya maji. Fuata rejeo lake utafika Aṅguttara Nikāya, mkusanyiko wa mafundisho ya Buddha, kwenye watu wa aina tatu: ambaye hasira yake ni kama maandishi juu ya jiwe, ambaye yake ni kama maandishi ardhini, na huyu wa majini, anayeambiwa maneno makali na bado akabaki mwenye mapatano. Kipali kina pia neno udakasuddhika, anayeamini kwamba kuoga kunaondoa dhambi. Mtawa Puṇṇā, katika Therīgāthā, mashairi ya watawa wa kike wa kale, anamjibu Mbrahmini (mtu wa tabaka la makuhani) mmoja mwenye imani hiyo: ingekuwa hivyo, vyura na kasa wote wangekwenda mbinguni.

Marejeo hayo ndiyo yanayonifanya nirudi kwenye kamusi hii. Neno moja la ambatani linakufikisha kwa mtu anayezungumza.

Ina usumbufu wake. Maneno ambatani hayana vidahizo vyake; yamebanwa yote katika aya moja chini ya udaka, kila moja likianza na kistari, kwa hiyo ukitafuta udakalekhā kama neno zima huenda usilione. Nenda kwenye udaka usome mpaka chini. Usipolipata hapo, tafuta chini ya daka, maana Kipali mara nyingine huidondosha ile u ya mwanzo, kama katika dakarakkhasa, zimwi la majini.