Kiwanja cha mjini au ekari za porini: mwongozo wa kununua eneo Mtwara na Lindi

Mtu mwenye akiba inayotosha kununua kiwanja kimoja kilichopimwa pembezoni mwa Mtwara Mjini, tuseme cha mita 20 kwa 30, hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na dalali atakayemwambia kwamba kwa fedha hiyohiyo angepata ekari kumi au zaidi katika vijiji vya ndani vya Nanyumbu, Nachingwea au Liwale. Dalali huyo kwa kawaida hasemi uongo. Asichokisema ni kwamba maji, umeme na njia, ambavyo mjini vimekwisha kufikishwa, porini hugharimiwa na mnunuzi peke yake, na kwamba maeneo hayo mawili yako chini ya sheria mbili tofauti.

Nimeyapanga machaguo manne kwa kumfikiria mtu anayetaka kujenga na kuishi, au kumjengea mama yake, na siyo mwekezaji anayetafuta shamba kubwa. Kila chaguo nimelipima kwa maswali mawili tu: karatasi ya eneo hilo hutolewa na nani, na maji ya mwezi wa Oktoba yatatoka wapi. Nimeutaja Oktoba kwa makusudi. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, na eneo lililokaguliwa mwezi wa Machi, nyasi zikiwa kijani na vijito vikitiririka, halifanani hata kidogo na eneo lilelile miezi saba baadaye.

Kuhusu karatasi, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Anachonunua mtu ni haki ya kuitumia pamoja na maendelezo yaliyomo. Vijana wengi siku hizi hutazama video za Wamarekani wanaonunua vipande vya jangwa huko Arizona au New Mexico na kuishi humo kwa sola na maji ya kuletwa kwa gari, wakadhani kwamba pori la Liwale linaweza kununuliwa vivyo hivyo. Kule mnunuzi huwa mmiliki wa ardhi yenyewe. Kwetu, Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 ndiyo inayosimamia viwanja vya mijini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huohuo inaiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji, ambayo nayo hutakiwa kupata ridhaa ya Mkutano Mkuu wa Kijiji inapogawa ardhi. Kwa hiyo yule anayekuonyesha pori na kusema kwamba halina mwenyewe, amekwisha kukupa sababu ya kurudi nyumbani.

Nafasi ya kwanza: kiwanja kilichopimwa katika mji wa wilaya au pembezoni mwa manispaa

Kwa familia nyingi hili ndilo chaguo bora, hata kama kiwanja ni kidogo. Kinayo namba na kitalu, kinaonekana kwenye ramani ya mipango miji, na haki yake hutolewa kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi yake ya ardhi, kwa hiyo upekuzi wa kujua jina la mmiliki, deni la benki au zuio la mahakama hauhitaji tena safari ndefu. Upekuzi ufanyike kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, na baada yake mnunuzi aende uwanjani na mpimaji ili mawe ya mipaka, yaani bikoni, yatafutwe moja baada ya jingine. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kwa kuonyeshwa bikoni tatu na kuhakikishiwa kwamba ya nne imefunikwa na mchanga. Ilipofukuliwa, ilikutwa ndani ya uzio wa jirani, na mita nne za upana wa kiwanja changu zilikuwa huko pamoja nayo.

Muuzaji aliyeoa au aliyeolewa ni lazima alete ridhaa ya mwenzi wake kwa maandishi ikiwa kinachouzwa ni nyumba ya familia, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi huyo. Aonyeshe pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa sababu malimbikizo hayafutiki kwa kubadilika kwa mmiliki. Hati huwa na masharti ya kuendeleza kiwanja ndani ya muda uliotajwa, na anayepanga kukiacha kipumzike miaka kumi ayasome masharti hayo kwanza.

Ndani ya nafasi hii naweka Masasi, Nachingwea na Ruangwa mbele ya maeneo yanayouzwa kwa matumaini ya miradi mikubwa. Wengi wetu tunaukumbuka Mtwara wa kati ya mwaka 2010 na 2013, gesi ilipokuwa mazungumzo ya kila baraza na viwanja vikiuzwa kana kwamba bandari mpya ingefunguliwa Jumatatu inayofuata. Bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na wapo waliobaki na misingi iliyoota majani. Lindi nako, kila habari za mtambo wa gesi wa Likong'o zinapochangamka, madalali huchangamka pia. Kiwanja kinunuliwe kwa bei ambayo mnunuzi hataijutia hata kama mtambo huo hautajengwa.

Kwa swali la Oktoba, bomba la mamlaka ya maji lipite karibu, na mnunuzi aulize majirani watatu, siyo mmoja, maji hutoka siku ngapi kwa juma. Newala ni mji wa hali ya hewa nzuri na watu waungwana, lakini uko juu ya uwanda wa Makonde, ambako mvua huzama haraka ardhini na chemchemi ziko chini kabisa kwenye miteremko. Maji husukumwa kwa pampu kupanda mlima, na pampu ikisimama mji mzima hujua. Anayenunua huko ahesabu gharama ya tangi kama sehemu ya bei ya kiwanja.

Nafasi ya pili: shamba la kijijini lililo karibu na barabara kuu

Hili ni chaguo la mtu anayetaka nafasi ya kulima na bado afike mjini kwa basi na kurudi siku hiyohiyo. Vijiji vilivyo kando ya barabara ya Mtwara kwenda Masasi, au vile vya upande wa Mtama, vinafaa, hasa pale ambapo nguzo za umeme zimekwisha kufika na kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Karatasi ya kutafuta ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila, yaani hati ya haki ya kutumia ardhi ya kijiji, inayotolewa na Halmashauri ya Kijiji. Ikiwa muuzaji hana hati hiyo, kuna ugumu ambao mtu aliyetoka mkoa mwingine huwa haujui, na hapa nitakaa kidogo.

Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wa asili hufuata ukoo wa upande wa mama. Shamba ambalo baba analilima miaka 30, na ambalo kijiji kizima kinaliita kwa jina lake, linaweza kuwa ni la ukoo wa dada zake, na wapwa zake wakawa na neno katika uuzaji kuliko watoto wake wa kuwazaa. Mnunuzi aliyepata saini ya baba na ya wanawe wote watano hudhani amemaliza kazi. Mwaka unaofuata hutokea mpwa kutoka Dar es Salaam, na kesi huanza. Swali la kuuliza mapema, kwa adabu na mbele ya mtendaji wa kijiji, ni hili: mjomba wa ukoo huu ni nani, naye yuko tayari kuweka saini?

La pili ni mikorosho. Huku kwetu mti na ardhi huweza kuwa na wenyewe tofauti. Wapo waliouziwa mikorosho 40 wakidhani wamenunua shamba, ilhali muuzaji alimaanisha miti yenyewe, na wapo walionunua shamba halali wakakuta mikorosho yake imewekwa rehani kwa misimu mitatu ijayo, hivyo mavuno yote yakaenda kwa mwingine. Mkataba utaje ardhi, utaje miti kwa idadi yake, na utamke wazi kwamba hakuna rehani. Ekari nazo zipimwe kwa kifaa. Hatua 70 kwa 70 ni kipimo kinachotegemea urefu wa miguu ya anayepima, na nimegundua kwamba muuzaji hupenda kumtuma mpwa wake mfupi.

Nafasi ya tatu: kiwanja kisichopimwa ndani ya mji

Bei yake huvutia na umeme huwa karibu, lakini mihuri ya mwenyekiti wa mtaa haithibitishi miliki. Inathibitisha tu kwamba mwenyekiti aliwaona mkiandikiana. Upimaji ukifika, kiwanja chako kinaweza kuangukia kwenye barabara au eneo la shule. Nunua tu pale ambapo zoezi la urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila kupimwa, limekwisha kuanza na ramani yake imeidhinishwa. Pale ramani isipokuwepo, nisingenunua.

Nafasi ya nne: pori la mbali lisilo na umeme wala bomba

Siliweki mwisho kwa dharau. Wapo walioishi humo vizuri, ila ni wale walioanza na maji na kumalizia na nyumba. Hesabu yake inawezekana. Ukanda huu hupata takribani milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la bati la mita za mraba 80, hata likipoteza sehemu ya tano, hukusanya lita 64,000. Familia inayotumia madumu manane ya lita 20 kwa siku huhitaji karibu lita 29,300 kutoka Juni mosi hadi mwisho wa Novemba, yaani simtanki tatu za lita 10,000 zikiwa zimejaa mvua zinapokoma. Sola ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwani paneli hudumu miaka mingi na kinachochakaa ni betri. Taa, simu na redio havina shida, ila pampu na friji hupandisha gharama ghafla.

Kinachowashinda wengi ni njia na majirani wasiosema. Wakati wa masika udongo mweusi wa mabondeni huzuia hata pikipiki, na mgonjwa hubebwa. Vijiji vya Liwale vinavyopakana na Selous hupata tembo wanaoingia mashambani mahindi yakikomaa, na katika sehemu za Kilwa, Liwale na Nachingwea mwenye shamba asiyekaa shambani anaweza kurudi akakuta ng'ombe wamekwisha kuvuna. Zaidi ya hayo, lazima ithibitishwe kwamba eneo halimo ndani ya msitu wa hifadhi au hifadhi ya wanyamapori, na jibu la hilo hutolewa na halmashauri ya wilaya kwa barua.

Sikuyapa nafasi maeneo ya ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na Msimbati na Ruvula zimo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo mchanga mweupe unaoonyeshwa na dalali mara nyingi ndio hasa usioruhusiwa kujengwa.

Kwa chaguo lolote, fedha zipite benki kwenda kwenye akaunti ya muuzaji na siyo ya dalali, wakili aandae mkataba, na malipo yagawanywe ili sehemu ya mwisho itolewe pale tu uhamisho utakaposajiliwa. Kwa eneo la kijijini, muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichokupokea uandikwe siku hiyohiyo, wewe ukiwepo, na uondoke na nakala yake yenye muhuri, kwa sababu watendaji huhamishwa na majalada huhama nao.