Pedali na ampu za sauti nzito ya gitaa: angalia besi kabla ya kuangalia geini

Lalamiko la wanaonunua vifaa vya metal ni lile lile kila mara: pedali, kile kijikasha cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, ililia vizuri dukani, ikafika nyumbani ikawa matope. Ukipiga kodi moja na kuiacha ilie, inajaa chumba kizima. Ukianza rifu (kipande kifupi cha noti kinachorudiwarudiwa) ya haraka huku umeziba nyuzi kwa kiganja, noti zinashikana na pigo la tatu halitofautiki na la nne. Mnunuzi anaongeza geini, yaani kiasi cha kukuza mawimbi ya gitaa, matope yanazidi. Anaiuza, anatafuta nyingine yenye geini kubwa zaidi, na hali inarudi pale pale.

Sitagusa rangi, uzito wala wingi wa nobu, kwa sababu hayo kila mtu anayaona kwa macho yake. Vifaa vilivyomo humu nimevipanga kwa swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza: kifaa hiki kinaifanya nini besi, yaani sauti za chini, kabla ya distosheni kuanza?

Distosheni ni kukatwa kwa vilele vya mawimbi. Saketi ina kimo chake, na wimbi likizidi kimo hicho, kilele kinakatwa. Uzi wa sita uliokazwa kawaida, yaani E, unatikisika mara 82 kwa sekunde, na ukiulegeza hadi C unatikisika kama mara 65. Mitikisiko hiyo ya chini ndiyo yenye nguvu kubwa unapopiga uzi kwa kuuziba. Ikiingia yote bila kupunguzwa, inajaza kimo chote cha saketi, na masafa ya kati, yale yanayobeba mkwaruzo wa plekta na jina la noti, yanakatwa pamoja nayo. Hapo hakuna nobu ya trebo itakayokuokoa, kwa kuwa kilichokatwa hakirudi. Dawa ni kupunguza besi kabla ya distosheni na kuirudisha baadaye, kwenye ampu na spika.

Tazama Tube Screamer ya Ibanez, pedali ya kijani ambayo wengi huidharau wakisema ni ya blues. Ndani yake, kwenye hatua ya ukataji, kuna rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.047. Viwili hivyo kwa pamoja vinaweka mpaka wa takriban Hz 720, yaani mitikisiko 720 kwa sekunde. Masafa yaliyo juu ya mpaka yanakuzwa kikamilifu, na yaliyo chini yanakuzwa kwa kiwango kinachopungua kadiri unavyoshuka. Ukitoa kapasita hiyo na kuweka ya 0.1, mpaka unashuka hadi kama Hz 340, pedali inanenepa na ule ukavu wake unapungua. Kijidude kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho ndicho kinachoamua kama rifu yako itasikika "dug-dug-dug" au "bwof-bwof".

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, pima hivi. Chagua pikapu ya daraja, fungua volyumu ya gitaa hadi mwisho, weka geini ya kifaa katikati. Laza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu kabisa na daraja, kisha piga uzi wa sita mtupu, mapigo mawili kwa kila mdundo, kasi ya midundo 160 kwa dakika. Usisikilize pigo, sikiliza shimo lililo kati ya pigo na pigo. Likisikika wazi, besi imedhibitiwa. Ikiwa kuna mngurumo unaoziba shimo hilo, punguza geini. Usipotoweka hata geini ikiwa robo, rudisha kifaa kwenye rafu.

Nikitaja saa, soma nobu kama uso wa saa kwa hesabu yetu: saa sita ni juu katikati, saa tatu ni kushoto, saa tisa ni kulia.

Nafasi ya kwanza: ampu yenye chaneli ya geini, na overdraivu mbele yake

Hakuna pedali moja inayoshinda mpango huu. Ampu inatoa distosheni, overdraivu (pedali ya distosheni nyepesi, kama Tube Screamer) inakata besi na kuisukuma ampu. Kwa ampu ya valvu, Peavey 6505 MH inatosha: ni ndogo, ina sauti ya ukoo wa 5150, ampu ya Peavey ya mwaka 1992, na inakuwezesha kuchagua wati 20, 5 au 1. Mbele yake weka Boss SD-1.

Sifichi kwamba naipendelea Boss. SD-1 imekuwepo tangu 1981, na kama Tube Screamer inapunguza besi kabla ya kukata, ila ukataji wake hauko sawa juu na chini ya wimbi, hivyo inang'ata kidogo zaidi. Kasha lake ni la chuma na betri inabadilishwa kwa kulegeza skrubu moja ya kidole. Zakk Wylde, mpiga gitaa wa metal, aliitumia kusukuma ampu ya Marshall JCM800, na huyo hakuwa mtu wa kukosa uwezo wa kununua kitu ghali zaidi.

Mpangilio wake unawashangaza wengi: Drive sifuri au saa tatu, Level karibu na mwisho, Tone saa sita. Kisha punguza geini ya ampu kwa kama robo ya ulichozoea. Ukiwasha SD-1 utadhani sauti imekonda. Usiikimbie. Ongeza nobu ya besi au Resonance (nobu ya besi ya hatua ya mwisho) kwenye ampu, na uzito utarudi ukiwa mkavu, kwa sababu sasa besi inaongezwa baada ya distosheni.

Onyo moja la ampu za valvu: usiiwashe na kuipiga bila spika kuunganishwa, wala usikosee omu. Tundu la omu 8 linataka spika ya omu 8. Ukipuuza, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua, na gharama ya kuibadilisha inaweza kukukatisha tamaa ya ampu nzima.

Nafasi ya pili: Boss Katana 50

Kwa anayepigia chumbani, hii ndiyo ningemwambia anunue kwanza. Ni ya transista, ina spika ya inchi 12, na inashuka hadi wati 0.5 bila kupoteza tabia yake. Chagua chaneli ya Brown, geini saa tano, kisha washa Booster iliyomo ndani. Kwa kutumia programu ya Boss Tone Studio unaweza kuweka T-Scream, mwigo wa Tube Screamer, kuwa ndiyo Booster, na hapo una mpango ule ule wa nafasi ya kwanza bila pedali hata moja. Wengi wanaoilalamikia Katana kuwa "inakwaruza" wameweka geini mwisho na Booster imezimwa. Wanasikia besi ikizama kwenye distosheni.

Nafasi ya tatu: Boss MT-2 Metal Zone

Pedali iliyotukanwa kuliko zote, na kosa mara nyingi ni la mikono. Tangu 1991 imekuwa na kitu ambacho pedali nyingi za bei yake hazina: masafa ya kati unayoweza kuyahamisha kutoka Hz 200 hadi Hz 5000, kisha kuyapandisha au kuyashusha. Vijana wanayachimba hadi chini kabisa ili sauti iwe "ya metal". Ukiwa peke yako chumbani inapendeza. Bendi ikianza kupiga, matoazi yanameza juu, gitaa la besi linameza chini, na gitaa lako halisikiki popote.

Ianzie hapa: Dist saa nne, High saa nne, Low saa sita, Mid Freq karibu na Hz 750, na Middle saa saba au saa nane. Tena usiiingize kwenye chaneli yenye geini. Ikiwa ampu yako ina tundu la FX Return, iingize hapo moja kwa moja ili iruke hatua ya mwanzo ya ampu. Shusha Level hadi sifuri kabla ya kuchomeka, kwa maana huko mbele kuna nguvu kamili ya ampu bila breki ya nobu ya geini.

Nafasi ya nne: Boss HM-2W

Hii ni ya mtu anayejua anachokitaka. HM-2 ya asili ilitengenezwa kuanzia 1983 hadi 1991, na vikundi vya death metal vya Stockholm vikaifanya kuwa sauti yao kwa kuzungusha nobu zote nne hadi mwisho. Sauti yake ni msumeno wa kukatia miti, ukwaruzaji mnene wenye masafa ya kati yaliyovimba. Boss waliirudisha mwaka 2021 kwa jina la HM-2W. Kwa kipimo changu cha shimo inapata alama za wastani tu, kwani ukali wake unafunika kila kitu. Overdraivu mbele yake inasaidia, Drive ikiwa sifuri.

RAT ya ProCo ninaiweka ya tano. Kwa kodi za wazi ni tamu sana, lakini ukiziba nyuzi huku geini imepita saa saba, inalegea. Kumbuka nobu yake ya Filter inafanya kazi kinyume: ukiizungusha kulia sauti inafifia. Big Muff ya Electro-Harmonix imekosa nafasi kabisa kwa rifu za haraka. Ni ya noti ndefu za doom, metal ya mwendo wa polepole, na humo ina heshima yake.

Za bei ya chini kabisa zinataka maneno machache. Pedali ndogo za kunakili SD-1 au Tube Screamer zinafaa, maana saketi ni rahisi na ni vigumu kuiharibu. Kinachokufa mapema ni swichi na matundu ya jeki. Pedali zinazojiita za metal kwa bei hiyo, ziache. Ampu ya wati 10 yenye spika ya inchi 6, iache pia. Spika hiyo haiwezi kurudisha besi uliyoikata.

Sasa wauzaji. Wanajaribu pedali ndogo kwenye ampu kubwa yenye spika nne za inchi 12, wanapiga kodi moja ya wazi, wanakwambia "sikia hiyo". Hawapigi hata rifu moja iliyozibwa. Omba ujaribu kwenye ampu inayofanana na yako, na ukikataliwa, ondoka. Pedali nyingi zinauzwa bila adapta, na hilo hawakwambii mpaka umelipa. Kisha unauziwa adapta yoyote iliyo karibu. Unayohitaji ni ya volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Uliza miliampea ambazo kila pedali inakula, zijumlishe, na adapta izidi jumla hiyo.

Wanasukuma wati 100 kwa mtu anayepigia chumbani, ilhali tofauti ya wati 50 na 100 ni desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kinachoniudhi zaidi ni biashara ya "chipu ya asili". RAT ya zamani yenye LM308 inapandishiwa bei kana kwamba ni dhahabu, na yenye OP07 inaitwa bandia. Chipu zote mbili zina mwendo wa polepole unaokaribiana, takriban volti 0.3 kwa mikrosekunde, na mwendo huo ndio unaolainisha RAT. Mnunuzi analipia namba iliyochapwa mgongoni mwa chipu. HM-2 kuukuu nazo ni vivyo hivyo: zenye nobu zinazokwaruza na jeki zilizolegea zinauzwa kama hazina, wakati HM-2W mpya ipo na ina dhamana.

Ukiwa umebakiwa na pesa, nunua noizi geti kabla ya pedali ya pili ya distosheni. Geti haliondoi matope, hilo ni kazi ya kukata besi, lakini linanyamazisha mvumo unaposimama. Boss NS-2 iunganishe hivi, na si kwa kuiweka kwenye foleni tu: gitaa liingie Input ya NS-2. Send ya NS-2 iende kwenye overdraivu, na overdraivu iende kwenye tundu la mbele la ampu. FX Send ya ampu, tundu linalotoa sauti baada ya hatua ya mwanzo, irudi kwenye Return ya NS-2, na Output ya NS-2 iingie FX Return ya ampu. Ni nyaya tano. Kwa njia hiyo geti linasikiliza gitaa safi na kufunga kelele iliyozalishwa na overdraivu pamoja na hatua ya mwanzo ya ampu.

Weka Decay chini kabisa. Shika nyuzi zisilie, kisha pandisha Threshold taratibu hadi mvumo ukatike, na usiendelee. Piga noti moja ndefu uiache ife yenyewe. Ikikatwa ghafla kabla ya kwisha, rudisha Threshold nyuma upana wa unywele, upige tena.