Slice & Dice: dadu zipo, ila ukifa mara nyingi umejiua mwenyewe

Mi nafanya ukarani wa mizani kwenye ghala la chama chetu cha msingi huku Mtwara vijijini, na mtu ambaye hajawahi kukaa ghalani msimu wa korosho anadhani kazi ni kupima magunia tu, kumbe nusu ya siku ni kusubiri, unasubiri gari, unasubiri mnada, unasubiri mvua ipite, na mtandao wenyewe unashika ukisimama pale mlangoni basi. Ndo nikawa natafuta gemu la simu lisilotaka bando, lisiloleta tangazo kila baada ya dakika mbili, na ambalo nikiitwa ghafla nazima skrini naenda kupima nikirudi nalikuta palepale nilipoliacha. Nimeshusha mengi nikayafuta. Lililobaki kwenye simu mpaka leo ni hili, Slice & Dice, nina miezi minane nalo.

Limetengenezwa na mtu mmoja anayejiita tann, lilianzia kwenye simu na kompyuta kitambo, Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, likaingia mwaka 2024. Kwenye Android unalishusha bure unaonja mwanzo wake, ukilipenda unalipa mara moja tu na imeisha, hamna cha kununua almasi wala kusubiri moyo ujae. Hilo peke yake lilinifanya nimheshimu huyo mtu, maana magemu mengi ya simu siku hizi yametengenezwa ili uchoke halafu ulipie kuchoka kwako.

Aina yake ndo ile wanaita rogulaiki. Jina limetoka kwenye gemu la zamani la kompyuta la mwaka 1980 linaitwa Rogue, na tabia kubwa ni mbili, kila ukianza mambo yanapangwa upya kwa bahati, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo kabisa. Hapa una mashujaa watano na kila shujaa ni dadu yenye pande sita, wa njano mpiganaji, wa chungwa mwizi, wa kijivu mkingaji, mwekundu mganga, wa bluu mtu wa uchawi. Mapigano ni 20, kila baada ya matatu la nne lina bosi, yaani adui mkubwa kuliko wengine. Ukishinda pigano unapata kifaa au shujaa mmoja anapanda daraja anakuwa mtu mwingine mwenye dadu nyingine, na aina za mashujaa zinazidi mia kwahiyo hata sasa bado nakutana na ambao sijawahi kuwatumia.

Sasa pigano lenyewe. Adui wanatupa dadu zao kwanza. Unaona kabisa panya huyu anamng'ata nani, kwa ngapi, na nani atakufa usipofanya kitu. Halafu we unatupa zako tano, zilizokaa vizuri unazishika, zilizobaki unazitupa tena, na tena mara ya mwisho, jumla mara tatu. Ni kama tunavyochambua korosho pale kwenye turubai, hii daraja la kwanza weka huku, hii rudisha. Ukimaliza kutupa unazitumia moja moja kwa mpangilio unaotaka wewe, na ukiona umekosea kabla hujamaliza zamu unarudisha nyuma, unajaribu njia nyingine, unarudisha tena, hakuna anayekukataza. Kitu pekee kisichorudi ni mtupo wa dadu na zamu uliyokwisha kuifunga.

Mjomba wangu anakaa Mikindani, jioni ukimtaka utamkuta kwenye bao. Nilipomwonyesha mara ya kwanza aliangalia zile dadu zinabingirika akaniambia "mpwa wangu, dadu ni mchezo wa mtu asiyetaka kufikiri." Na yeye ana haki ya kusema hivyo, kwenye bao kete 64 zote ziko machoni pa watu, hakuna kete inayodondoka toka mbinguni, ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzio. Sikubishana naye, nikacheza mbele yake mapigano mawili. La pili lilipoanza akainama kwenye skrini akasema "kumbe huyu anakuonyesha anakokwenda kula kabla hajala." Mi nilikuwa natafuta maneno ya kulielezea hili gemu miezi yote, mjomba kayapata kwa dakika kumi.

Maana hapo ndo penyewe. Bahati imewekwa mahali pamoja tu, kwenye mtupo, baada ya hapo kila kitu kiko wazi na hesabu ni juu yako. Na namba zenyewe ni ndogo, shujaa ana uhai wa tano au nane hivi, pigo la mbili au tatu, kwahiyo moja tu ikizidi au kupungua inaamua mtu anabaki au anaondoka. Kitu ambacho mtu mpya anachelewa kukiona ni kwamba ukimuua adui kabla hujafunga zamu, pigo alilokuwa amelipanga linafutika. Yaani upanga nao ni ngao. Mi mwanzoni nilikuwa natumia ngao nyingi, kila anayepigwa namkinga, naona nacheza salama, kumbe adui wanabaki wote wanne na zamu inayofuata wananirudia wote wanne, mpaka nilipoanza kujiuliza kwanza nani naweza kumwondoa kabisa, ndo nikaanza kuvuka pigano la nane bila shida.

Mdogo wangu yupo kidato cha sita anasoma hesabu, alinipigia ile ya uwezekano kwenye karatasi na imenibadilisha namna ninavyochagua vifaa. Ukiwa unatafuta upande mmoja tu wa dadu na una mitupo mitatu, uwezekano wa kuupata ni 91 kati ya 216, kama asilimia 42. Zikiwa pande mbili zinazokufaa inaruka mpaka asilimia 70. Zikiwa tatu, 87 na nusu. Angalia hapo, toka upande mmoja kwenda wa pili umepata asilimia 28, toka wa pili kwenda wa tatu 17 tu. Gemu lina vifaa vingi vinavyobadilisha upande mmoja wa dadu ya shujaa, na mi zamani nilikuwa nampa aliye na nguvu tayari ili awe moto zaidi, sasa nampa yule mwenye upande mmoja mzuri ili awe nazo mbili. Nimemaliza ngazi ya kawaida mara tatu toka nianze kufanya hivyo, kabla yake sikuwahi hata mara moja.

Niwasimulie ile ya joka, maana ndo iliyonifanya nilipende zaidi japo nilishindwa. Pigano la 20, bosi wa mwisho joka, nimebaki na wanne, mpiganaji, mkingaji, mganga na mwizi. Mkingaji alikuwa anakufa kwa vyovyote. Joka limempangia mganga pigo la 3 na ana uhai 4, mpiganaji naye pigo la 3 ana uhai 2. Nina ngao moja ya 2. Nikampa mganga, nilimwogopea, tumezoea kwamba mganga ndo wa kulindwa. Nikafunga zamu. Mkingaji kaenda, mpiganaji kaenda, joka limebaki na uhai 3, na mwizi wangu ana pande mbili zinazoweza kutoa 3, yaani ile 70 ya mdogo wangu. Nikatupa, hamna. Nikatupa, hamna. Ya tatu hamna. Safari imeishia hapo, saa nzima na nusu.

Nilikaa nimenuna nikasema dadu zimenionea. Usiku nimelala nikairudia ile zamu kichwani na ndo ikanijia, mganga angepona hata bila ngao, 4 toa 3 angebaki na 1, ngao ile ilikuwa ya mpiganaji na yeye dadu yake ilikuwa na pande nne za kunifaa, na pande nne kwa mitupo mitatu ni asilimia 96. Kila namba ilikuwa mbele yangu kwenye skrini. Magemu ya bahati niliyowahi kuyacheza hayajawahi kunipa hiyo nafasi ya kujua kabisa ni wapi nilipokosea, unaishia kulaani tu.

Kingine kizuri, shujaa akifa pigano likaisha kwa ushindi haondoki moja kwa moja, anarudi pigano linalofuata na nusu ya uhai. Inaonekana ni huruma lakini ni mtihani, kuna zamu unaamua kumtoa mtu kusudi ili wengine washinde, halafu pigano linalofuata unalipia kwa kumlinda huyo huyo.

Haya, mabaya yake, na yapo.

Maandishi madogo. Mi nina macho mazuri na simu yangu si ndogo lakini jioni ghalani mwanga ukipungua nalisogeza mpaka puani. Michoro yake ni ile ya vidoto vya zamani, inapendeza, ila kila upande wa dadu una kialama chake na kila kialama kina neno lake la Kiingereza lenye sheria yake, kuna upande unaofanya kazi wenyewe ukidondoka tu hata kabla hujaamua, kuna unaotumika mara moja kwa pigano, kuna unaomuumiza anayeutumia, kuna unaopiga mara mbili kama adui hajaguswa bado. Ukibonyeza ukashikilia unapata maelezo, sawa, lakini maelezo nayo ni madogo vilevile. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na daftari. Kwa mtu ambaye Kiingereza kinamsumbua huo ni ukuta, na hakuna Kiswahili, na naumia kusema hivi kwa sababu akili ya kulicheza hili gemu ipo tele kwenye vijiwe vyetu vya bao na drafti, kinachokosekana ni kusoma tu.

La pili ni ule uhuru wa kurudisha nyuma. Nimeusifia na nausifia tena, ila ukifika mapigano ya 16 kwenda juu una mashujaa wenye pande za ajabu, adui sita, na kila mpangilio unatoa jibu tofauti, basi unajikuta unajaribu njia kumi na tano kwa zamu moja maana ukiacha hata moja roho inakwambia labda ndo ilikuwa yenyewe. Kuna zamu zimenichukua dakika kumi nzima. Hiyo si raha tena, ni kufunga mahesabu ya mwisho wa mwezi, na gemu halikusaidii popote kujua kama njia ipo au haipo.

Halafu kupanda daraja. Unaletewa chaguo mbili uchukue moja, na kuna safari zote mbili hazikufai, timu yako inahitaji mtu wa kupiga wengi kwa pamoja wewe unaletewa wa kupiga mmoja mmoja, mara ya pili hivyohivyo, na unajua kabisa pigano la 12 likija na kundi kubwa umekwisha lakini inabidi utembee mpaka huko ukafie. Wanaosema mchezaji mzuri anashinda na chochote labda ni kweli, mi sijafika huko. Ningependa chaguo tatu. Na ngazi za juu ya ile ya kawaida unaanza umebeba laana mgongoni, ule mruko wa kutoka kawaida kwenda ngumu ni mkubwa kuliko unavyotegemea, nimejaribu mara nyingi sijamaliza hata moja.

Hadithi hamna. Kuna maadui, kuna joka, hujui mnapigania nini. Mi halinisumbui ila mke wangu alilicheza siku moja akaniambia halina watu ndani, akaliacha. Kwa mtu kama yeye bora Dicey Dungeons la Terry Cavanagh la mwaka 2019, nalo ni la dadu, lina watu waliogeuzwa wakawa dadu zinazotembea, linachangamka, linacheka, unakuwa na mhusika mmoja tu badala ya watano. Kwangu lile linaisha utamu mapema, lakini kwa mwanzo ni rahisi zaidi kulielewa.

Kwenye simu yenyewe halina tatizo, simu yangu ni ya kawaida ya RAM ya 3 na haipati moto, unaweza kucheza kwa kusimamisha simu au kuilaza, mi nasimamisha maana mkono mmoja unabaki huru kwa daftari la mizani. Umeme ukikatika nacheza jioni nzima na asubuhi chaji bado ipo ya kupigia simu. Kuna modi nyingine nyingi, ipo moja ya laana zinazoongezeka bila mwisho, sijaikaa sana, ile ya kawaida bado haijanichosha.

Kama unapenda mchezo unaokulazimisha ukae uwaze, lipia. Kama unataka kitu cha kupitisha dakika tano huku unaongea na watu, usilipie, litakukera. Na kama tann angesikia ombi moja tu kutoka Mtwara, ni maandishi makubwa. Jumapili nikienda Mikindani mjomba ndo anayelitaka sasa, ila miwani yake haimfikishi, kwahiyo mi nashika simu namsomea kila upande kwa Kiswahili na yeye anaamua nani atumike na nani ashikwe. Wiki iliyopita tulifika pigano la 12 bosi akatumaliza, na wakati narudisha simu mfukoni akaniomba nimsomee tena upande wa nne wa yule mwekundu, anahisi pale ndo alipoharibu.