African Storybook kwa mwalimu wa Kiingereza: uzoefu wangu wa darasani

Vitabu vya kiada tunavyo, hata kama watoto wanne wanabanana kwenye kimoja. Vya ziada ndivyo hatuna: kitabu chepesi cha Kiingereza ambacho mtoto wa Darasa la Nne atakisoma mpaka ukurasa wa mwisho, acheke, kisha aulize kingine kiko wapi. Kwa pengo hilo ninatumia African Storybook, na nikipewa nyota tano za kugawa, naipa nne. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza, kwa sababu inamhusu mwalimu wa Kiingereza kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa wasioifahamu, ni maktaba ya mtandaoni ya hadithi fupi za watoto, bure kabisa, iliyoanza mwaka 2014 chini ya Saide, taasisi ya elimu ya Afrika Kusini. Hadithi zake zipo kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unasoma kwenye tovuti, au unaweka programu yake kwenye simu na kupakua hadithi ukiwa na bando, ukazisome baadaye bando likiwa limekwisha. Sisi wa shule zisizo na intaneti tunaelewa uzito wa hilo.

Watoto wangu wameipenda kwa sababu ya mambo yaliyomo. Kuna mbuzi, kuna kuku, bibi yuko shambani, mama yuko sokoni. Sipotezi nusu ya kipindi kueleza theluji ni kitu gani. Na kwa kuwa hadithi nyingi zipo kwa Kiswahili pia, huwa nasoma kwanza ya Kiswahili kwa sauti, wanaijua inakoelekea, ndipo nawapa ya Kiingereza. Mtoto anayejua kwamba kuku atapoteza sindano hababaiki sana akikutana na neno geni, anavizia tu hiyo sindano itatokea wapi.

Sasa ile nyota. Hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi za kusomewa na mkubwa. Mwalimu mgeni ataona ngazi ya pili na kudhani ni Kiingereza chepesi. Sivyo. Ngazi zinafuata wingi wa maandishi katika ukurasa: ya kwanza ni neno, kirai au sentensi fupi tu, ya tano inakaribia maneno 150. Mpango huo unamfaa mtoto anayejifunza kusoma lugha anayoizungumza tayari nyumbani. Wangu hawakizungumzi. Ukurasa wenye sentensi mbili unaweza kuwa na “caught”, “threw” na “fell” kwa mpigo, na darasa ambalo ndiyo kwanza limezoea “walked” na “played”, vitenzi vya kuongeza -ed tu, likakwama hapo hapo. Kwa hiyo usichague kwa ngazi. Fungua hadithi, soma vitenzi vyake vyote, halafu ndiyo uamue. Mimi nina daftari langu lenye orodha yangu mwenyewe, na haifanani hata kidogo na ile ya tovuti.

Dawa ya tatizo hilo, cha kufurahisha, iko humo humo. Leseni ya hadithi hizi ni huria: unaruhusiwa kunakili, kuchapa, kutafsiri, hata kuibadilisha hadithi, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Ukijisajili unapata sehemu ya kutengeneza toleo lako. Nimechukua hadithi ndefu nikaipunguza, vitenzi nikavirudisha kwenye wakati uliopo, picha zikabaki vile vile. Kazi hii naifanya jioni kwenye kompyuta ya kuazima, maana kwenye kioo cha simu vidole vinagombana.

Kuhusu kuchapa: chagua mpangilio wa kijitabu, kurasa zinajipanga zenyewe, unakunja katikati na kubana pini. Steshenari wengi wanachapa kwa wino mweusi tu, na picha zilizojaa rangi hutoka giza tupu, huwezi kutofautisha mtoto na mti. Tafuta hadithi zenye michoro ya mistari. Vijitabu vyangu nimevifunika kwa gamba la manila, vinakaa kwenye boksi la karatasi, na kiranja wa darasa ndiye mkutubi. Ni mkali kuliko mimi.

Kwa matamshi natumia Storybooks Canada ya Chuo Kikuu cha British Columbia, iliyochukua hadithi 40 kutoka maktaba hii hii na kuziwekea sauti. Lafudhi ni ya huko kwao, lakini watoto wanasikia sentensi inavyopanda na kushuka, jambo ambalo ubao hauwezi kuwapa. Spika ndogo ya bluetooth inatosha.

Walimu wa sekondari, hapa msitegemee sana. Kijana wa Kidato cha Kwanza, ambaye masomo karibu yote yamemgeukia Kiingereza ghafla, ukimpa hadithi ya kuku na mwewe anajisikia ametukanwa. Huyo anahitaji vitabu vya ziada vilivyopimwa kwa msamiati, kama mfululizo wa Oxford Bookworms, ambao hatua yake ya kwanza ina maneno ya msingi 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, na hadithi zake ni za mauaji, mapenzi na safari. Hivyo vinauzwa, na si kwa bei ya mshahara wetu. Uliza maktaba ya mkoa wako kabla hujaenda dukani. Wakati mwingine vipo, vimesukumwa rafu ya chini kabisa pamoja na kamusi kuukuu, wala havijaazimwa miaka.